Unapompendekezea Mtu Filamu, Ifikirie Sebule Yake

Watu wengi wa Dar es Salaam hatutazami filamu peke yetu. Mtu anaweza kuianza chumbani kwenye simu, lakini ikimpendeza, kabla ya wiki kuisha ataihamishia kwenye televisheni ya sebuleni, ambako atakuwepo mama mkwe aliyekuja kutoka Tanga kwa matibabu, watoto waliomaliza kazi za shule, binti wa kazi, na pengine jirani aliyepita kurudisha sufuria. Ndiyo maana ninaamini kwamba mtu anayeniuliza atazame nini mwishoni mwa wiki hajiulizii nafsi yake pekee. Anauliza kwa niaba ya kila atakayeketi kwenye kochi lile, na jibu lisilowafikiria hao wote, hata likitaja filamu iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa, linakuwa halijakamilika.

Nimekuwa nikiulizwa swali hilo na ndugu, majirani na wafanyakazi wenzangu kwa muda mrefu sasa, na silichukulii kuwa jambo la kupitisha wakati. Filamu ya saa mbili humaliza jioni nzima ya mtu aliyetoka kazini Posta, akasimama ndani ya mwendokasi hadi Kimara, na akifika nyumbani bado ana sare za watoto za kupiga pasi. Kama anatazama kwa intaneti, humaliza pia bando alilolinunua kwa hesabu. Mtu huyo amekuamini, naye anastahili kujibiwa kwa uangalifu.

Kwa hiyo, kabla sijataja jina la filamu yoyote, huuliza. Utatazama na nani? Wataelewa lugha gani bila kusoma maandishi chini ya skrini? Je, mnataka kitu cha kuwachangamsha, au mko tayari kukaa kimya na kufuatilia kisa kinachokwenda taratibu? Wengine hushangaa kuulizwa hivyo, kwa kuwa walitarajia jina tu, lakini majibu yao hunisaidia kuliko orodha yoyote ya filamu zinazovuma. Nikijua kwamba bibi wa nyumba hasomi haraka, sipendekezi filamu ya Kikorea hata kama mimi mwenyewe imeniteka, kwa sababu mjukuu atalazimika kumsomea kila mstari, na baada ya nusu saa wote wawili watakuwa wamechoka.

Nitoe mfano wa Vuta N'kuvute, filamu ya mwaka 2021 ambayo Amil Shivji aliiongoza kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni filamu ninayoipenda sana, na ilinifurahisha kuona kazi ya Kiswahili ikionyeshwa mwaka huohuo katika tamasha la filamu la Toronto, nchini Kanada. Kisa chake kiko Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya utawala wa Waingereza, ambako Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi anayeikimbia ndoa aliyoozwa bila hiari yake, anakutana na Denge, kijana aliyejitosa katika harakati za kupigania uhuru. Ukimweleza mtu hayo tu, atatarajia mapambano ya mitaani, hotuba kali na mapenzi yanayosimuliwa kwa maneno mengi. Filamu yenyewe haiko hivyo. Inategemea zaidi picha kuliko mazungumzo, inakaa kwenye vichochoro, kwenye nyuso, kwenye mwanga unaopenya dirishani, na mara nyingi humwachia mtazamaji kazi ya kuunganisha tukio moja na jingine. Mtazamaji aliyezoea tamthilia, ambamo kila jambo husemwa na kurudiwa, anaweza kudhani kwamba hakuna kinachotokea.

Zaidi ya hapo, wako wengi miongoni mwetu waliosoma riwaya hiyo kidato cha tano na cha sita, wakaandika insha juu ya dhamira zake na wakabaki na wahusika wale vichwani. Mwalimu mmoja wa Kiswahili ninayefahamiana naye aliitazama filamu huku akiutafuta urefu wa riwaya, na akasikitika kwamba mambo mengi aliyoyapenda kitabuni hayakupata nafasi, ilhali wifi yangu, ambaye hakuwahi kukisoma kitabu, aliguswa mno na ukimya ule ule uliomchosha mwalimu. Wote wawili nilikuwa nimewaeleza mapema kwamba wasitarajie riwaya nzima kwenye skrini na kwamba wachague usiku usio na watoto wanaokimbizana, na nadhani maelezo hayo ndiyo yaliyomfanya mwalimu aifikishe mwisho na kuijadili kwa haki, badala ya kubadilisha chaneli. Pendekezo jema humwandaa mtu. Linamweleza mwendo wa filamu, na siyo mada yake tu, kwa sababu mada ikimvutia lakini mwendo ukamshinda, ataondoka akiamini kwamba filamu za kwetu hazina maana.

Hilo la filamu za kwetu linaniuma, na ninaomba nilisemee kidogo. Tuna tabia ya kuzipendekeza filamu za Kitanzania kwa kuzihurumia, tukisema kwamba imejitahidi, kana kwamba tunamwombea mwanafunzi alama. Kauli ya namna hiyo haimsaidii mtengenezaji wala mtazamaji. Binti, filamu ya Seko Shamte ya mwaka 2021, inafuata maisha ya wanawake wanne wa hapa hapa Dar es Salaam, kila mmoja na sehemu yake, na ninapoipendekeza hutaja kile kinachoifanya istahili kutazamwa: kwamba inautazama mji huu kama mahali ambapo watu wanaishi, wanadaiwa, wanachumbiwa na wanaumizwa, bila kugeuza shida zao kuwa kelele. Ikiwa kuna sehemu ninayoiona imelegea kuliko nyingine, hutaja hilo pia. Sifa iliyoambatana na kasoro huaminika, na kasoro ikielezwa kwa heshima haimfukuzi mtu.

Filamu hiyo ndiyo iliyonithibitishia jambo jingine, ambalo sasa naliona kuwa zito kuliko ladha na ubora. Mmoja wa wale wanawake wanne anahangaika kupata mtoto, na mwingine anakabiliwa na mchumba mwenye mkono wa kupiga. Kuna dada mmoja wa kazini kwetu aliyetaka kuitazama pamoja na familia ya mumewe, nami nilijua, kama walivyojua wengi ofisini, kwamba yeye na mumewe walikuwa wamezunguka hospitali kadhaa kwa ajili ya jambo hilo hilo la mtoto. Nilimwambia taratibu, tukiwa wawili tu, kwamba filamu ina sehemu inayohusu safari kama hiyo na kwamba imeonyeshwa kwa ukaribu. Hakuiacha. Aliamua kuitazama kwanza yeye na mumewe, chumbani, na siku aliyonieleza maoni yake nilielewa kwamba sebuleni, mbele ya mawifi na mashemeji, asingeweza kulia alivyolia. Tangu hapo sipendekezi filamu bila kujiuliza ni nini ndani yake kinaweza kumgusa mtu mahali penye kidonda.

Ndivyo ilivyo hata kwa filamu zinazochekesha. 3 Idiots, ile ya Kihindi ya mwaka 2009 ya mwongozaji Rajkumar Hirani, inajulikana na wengi kwa vituko vya wanafunzi watatu wa chuo cha uhandisi, na ni kweli kwamba nyumba nzima hucheka. Hata hivyo, katikati ya vicheko kuna mwanafunzi anayejiua kwa kulemewa na shinikizo la masomo. Nyumba yenye kijana aliyetoka kupokea matokeo mabaya ya kidato cha nne, au familia iliyopatwa na msiba wa aina hiyo, inapaswa kulijua hilo kabla ya kuiweka. Huwaeleza pia kwamba ina takriban dakika 170, ili wasiianze saa tatu usiku wakati watoto wana shule asubuhi. Wazee wetu waliokua na sinema za Empire na Avalon, na wale waliokuwa wakienda Drive-In, sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari, kule Msasani, mahali ambapo leo pana ubalozi wa Marekani, hawasumbuliwi na urefu huo. Kwao picha ya Kihindi isiyofika saa mbili na nusu ni kama haijatimia.

Kuhusu lugha chafu na umwagaji damu sina mengi ya kusema, kwa sababu madaraja ya umri yapo na Bodi ya Filamu hufanya kazi hiyo. Nitataja tu Nairobi Half Life, filamu ya Kenya ya mwaka 2012 iliyoongozwa na David “Tosh” Gitonga, juu ya kijana Mwas anayekwenda Nairobi akitaka kuwa mwigizaji na kujikuta katikati ya wezi. Naipendekeza kwa vijana na kwa marafiki wanaotazama pamoja, kamwe si kwa sebule yenye watoto. Nayo ina jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam hapaswi kulipuuza: sehemu kubwa ya mazungumzo ni Sheng, lugha ya mitaani ya Nairobi inayochanganya Kiswahili na Kiingereza, na Mtanzania anayeketi akiamini kwamba Kiswahili chake kitamtosha atapoteza utani mwingi. Umshauri awashe maandishi ya tafsiri tangu mwanzo.

Suala la kusimulia mwisho wa filamu linahitaji busara kuliko watu wanavyodhani. Vijana hukasirika sana wakidokezwa kwamba stelingi anakufa, na wana haki. Lakini shangazi yangu, ambaye alizoea filamu zilizotafsiriwa, ambamo DJ huwatangulia watazamaji na kuwaeleza adui yuko wapi na nani atasaliti, haoni raha kutazama bila kujua kama mtoto ataokolewa. Hunitaka nimhakikishie kwanza, kisha hutulia na kufurahia namna mambo yanavyofikia huko. Sioni sababu ya kumnyima. Ninachoshauri ni kumuuliza mtu kama anapenda kujua, na kama hapendi, kuishia pale ambapo kionjo cha filamu chenyewe huishia: nani, wapi, na tatizo lililowakuta. Katika kundi la familia la simu, ambako mmoja amekwisha kutazama na wengine kumi bado, mazungumzo kuhusu mwisho wa filamu yafanywe kando.

Mweleze mtu pia mahali pa kuipata filamu kwa njia halali, iwe ni kwenye ukumbi wa sinema, kwenye king'amuzi au kwenye programu ya kulipia, na umtajie kama inahitaji malipo. Najua maduka ya mtaani yanayojaza filamu kwenye flashi ni rahisi na yako kila kona, lakini mtengenezaji wa Kinondoni hapati senti yoyote kutokana na flashi ile, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilitungwa ili kumlinda yeye. Hatuwezi kusema tunataka filamu bora za Kiswahili huku tukiwaelekeza ndugu zetu mahali ambapo kazi hizo huibwa.

Baada ya mtu kutazama, rudi umuulize, na umsikilize bila kuitetea filamu. Uliza ni wapi alichoka, nani sebuleni aliinuka akaenda zake, mtoto aliuliza swali gani. Mimi huandika majibu hayo kwa ufupi kwenye simu, na yamenisaidia kuzijua nyumba za watu wangu wa karibu. Jirani yangu wa upande wa pili, kwa mfano, ana watoto wa darasa la nne na la sita wanaopenda kucheza ushujaa, na wiki hii nimempendekezea Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 ya Likarion Wainaina, inayomhusu Jo, msichana wa miaka tisa anayeugua ugonjwa usio na tiba, na kijiji kinachoshirikiana ili naye awe shujaa mwenye nguvu za ajabu. Ni fupi, kama saa moja na robo, na watoto wataipenda. Nimemwambia waziwazi kwamba inahusu mtoto anayekaribia kufa, kwamba yeye mwenyewe aketi nao mpaka mwisho, na kwamba atenge muda wa maswali kabla hawajaenda kulala. Mama mkwe wangu hapendi kabisa kisa cha mtoto mgonjwa, kwa hiyo nyumbani kwetu haitawekwa akiwa bado yuko. Jumamosi tutatazama picha ya Kihindi aliyoichagua mwenyewe.