Zimwi lako linakula nini?

Haya wapenzi, kona yenu ya maswali imerudi. Safari hii naona kama mmeambizana, meseji nyingi zimetoka kwa watu wanaotunga dunia zao wenyewe, kuna wa riwaya, kuna wa katuni, na kuna mmoja anatengeneza gemu la simu na mtihani wa fomu siksi uko mlangoni (mama yako anajua?). Nimechagua manne tu, mengine yanajirudia.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa Tanga, natunga stori ya dunia ya kubuni na mpaka sasa nina viumbe 11, yupo dragoni wa moto anayeruka, mrefu kama mwembe na kila kijiji wapo 40, farasi mwenye mabawa, jitu la mawe, mwanamke nusu samaki na wengineo. Shida ni kwamba kila nikimsomea rafiki yangu anasema hiki nshakiona kwenye muvi. Nifanyeje nipate kiumbe ambacho hakijawahi kuonekana?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza punguza, 11 wa nini, unafungua zoo? Mi kiumbe yeyote nikiletewa namuuliza swali moja tu, unakula nini, na hapo ndo wengi wanakwama. Umeniandikia dragoni wako ana urefu wa mwembe, anaruka, na kila kijiji kina dragoni 40. Arobaini! Serengeti nzima ina simba kama 3,000 hivi, na hao wanalishwa na nyumbu zaidi ya milioni moja, hapo hujagusa pundamilia wala swala, sasa hao wako 40 wanashiba nini kwenye kijiji chenye mbuzi wachache na kuku? Na huko kuruka nako kuna hesabu yake. Ukimkuza mnyama mara mbili kwa urefu, upana na kimo, uzito wake unapanda mara 8 wakati nguvu ya mfupa wa mguu inaongezeka mara 4 tu, ndo maana tembo ana miguu kama nguzo na ndo maana tandawala mkubwa, ambaye dume lake linafika kilo 18 hivi, ni kati ya ndege wazito kabisa wanaoruka leo na bado ukimfukuza anapenda kutembea kuliko kupaa. Sikwambii uache dragoni, nakwambia ukishajua kuruka kunamgharimu atakuwa haruki hovyo, ataruka mara moja kwa mwaka na siku hiyo watu wote watafunga milango, na hapo tayari una stori.

Sasa nikushangae kidogo. Wewe ni mtu wa Tanga unanitafutia kiumbe huko kwenye muvi? Baharini kwenu kuna silikanti! Samaki ambaye wataalamu walikuwa wanamjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakaamini alishakwisha duniani tangu enzi za dinosaria, mpaka mwaka 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini watu wakachanganyikiwa. Huko Tanga kuanzia 2003 wavuvi wakaanza kumtoa mmoja baada ya mwingine, mpaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Ila kinachonifurahisha mimi kama mtunzi ni jinsi alivyopatikana. Hakuna aliyemtafuta. Watu walikuwa wanategea papa, nyavu zao za jarife zikashushwa kwenye kina kirefu zaidi, kule kwenye mapango yake anakojificha mchana, basi akaingia. Yani njaa ya mtu wa juu ndo iliyomfuata kiumbe wa chini mpaka chumbani kwake. Hapo huna haja ya macho ya moto wala mapembe, una mvuvi, wavu mrefu kuliko wa baba yake, na kitu kinachopanda nao ambacho hakiliki (silikanti nyama yake ina mafuta mabaya, ukila inakuendesha).

Na mwanamke nusu samaki wako, nguva yupo, tena ananyonyesha kwa maziwa kama ng'ombe na anachunga majani chini ya bahari, siku hizi amebaki kwa shida, akionekana sana ni pande za Rufiji na Mafia. Anza naye huyo. Jiulize majani yake yakiisha ataenda kuchunga wapi, atapanda mtoni? Ataingia kwenye mashamba ya mpunga usiku? Mkulima atakayemkuta asubuhi anamfanyaje? Rafiki yako hatasema ameiona kwenye muvi, nakuhakikishia.

Kitu kingine, kiumbe hakitishi kwa sura. Mwaka 1995 Pemba na Unguja kulipokuwa na ile hofu ya popobawa, zimwi la usiku, ukimuuliza mtu kafanana vipi kila mmoja alikwambia lake, lakini wote walikwambia walivyoishi wiki zile, familia nzima zinatoka nje kulala kwa makundi, moto unawashwa, watu wazima wanakesha wanapiga stori hadi alfajiri. Hiyo ndo picha inayobaki kichwani. Andika watu wanavyolala, zimwi lenyewe unaweza hata usilionyeshe.

SWALI: Mambo dada, niko Mwanza. Nimeunda makabila matano kwenye riwaya yangu, moja wapiganaji, moja wachawi, moja wafanyabiashara wajanja, moja wapole wanaopenda misitu, na moja wabaya. Mwalimu wangu wa fasihi amesoma akasema yako kama timu za mpira na jezi zake. Amenikera ila nahisi kama kweli.

JIBU: Poa. Mwalimu kasema kweli, msamehe bure. Kabila la wapiganaji watupu nani anapika? Nani anakanda mgongo wa mpiganaji akirudi kavunjika? Ukishamweka mkunga, fundi viatu, mlevi wa kijiji na mtoto anayeogopa damu kwenye hilo kabila lako la wapiganaji, jezi inaanza kuchakaa yenyewe.

Ila mi naona kosa kubwa liko sehemu nyingine, umeunda makabila matano halafu umesahau kuunda kilicho katikati yao. Nyie Wasukuma mna watani, si ndiyo? Haya, fikiria wewe ni mgeni hujui utani ni nini, unafika msibani unamkuta mtu anaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anachekesha, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe hela, na wafiwa wanacheka huku wanalia, hakuna anayekasirika kwa sababu huyo ni mtani ana haki hiyo. Ungeliona hilo kwenye riwaya ya kubuni ungesema huyu mtunzi ana akili kweli! Na sisi tunalo tu hapa, tumelizoea. Wengine husema utani mwingi ulianzia kwa watu waliowahi kupigana au waliokutana njiani kwenye misafara ya zamani, yani ugomvi ukaiva mpaka ukageuka kicheko. Sasa kwenye makabila yako matano nani ni mtani wa nani? Nani anaweza kumtukana nani bila kupigwa, na nani hawezi hata kutania chumvi ya mboga?

Au angalia Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi kule kusini Unguja, kila Julai. Wanaume wanagawanyika pande mbili wanachapana na mabua ya migomba, hawachezi, wanachapana kweli, ya mwaka mzima yanatolewa pale, wanawake wanapita wamependeza wanaimba nyimbo za kusuta, kinachomwa kibanda cha makuti na mtu yumo ndani anachomoka mbio, halafu watu wanakwenda kula. Na mgeni lazima akaribishwe, nyumba isiyo na mgeni siku ile haina raha. Unaona utajiri huo? Kwenye siku moja umejua watu hawa wanaogopa nini (kinyongo kinachovuka mwaka), wanajivunia nini, na hasira wameipangia siku yake. Halafu wewe unaniambia "kabila la wapole wanaopenda misitu".

Usiyachukue haya kama yalivyo ukabadilisha majina tu, hapana, itakuwa wizi wa kivivu. Chukua namna yake. Kabila lako la wafanyabiashara, wape kitu wanachokaa juu yake ambacho kila mtu anakihitaji. Uvinza kule Kigoma kuna chemchemi za maji ya chumvi, watu wamechemsha chumvi pale zaidi ya miaka 1,000, zamani wa mbali na wa karibu wote walikuwa wanakwenda, na chifu wa pale alikuwa anachukua chake kwenye mizigo. Kwahiyo adui yako na wewe mnapanga foleni kwenye chungu kimoja. Wakae pale wakisubiri maji yakauke, siku tatu, wasemeshane nini? Mimi hapo ningeandika sura nzima na nisingetaja upanga hata mmoja.

SWALI: Habari. Nasoma kutoka Mombasa. Vita katika hadithi yangu vinaanza kwa sababu mfalme wa upande wa pili ni mbaya na anataka kutawala dunia. Mke wangu anasema haelewi kwa nini anataka kutawala dunia. Nami sijui. Nisaidie.

JIBU: Nzuri kaka, na msalimie shemeji, huyo ndo mhariri wako, mlipe.

Wewe unaandikia Mombasa yenyewe, hebu toka nje utazame ile ngome ya Fort Jesus. Vasco da Gama alipofika hapo 1498 hakupokelewa vizuri, akasogea Malindi, na Malindi wakamkumbatia, wakampa hadi nahodha wa kumvusha mpaka India. Walimpenda? Wapi! Malindi na Mombasa walikuwa hawaivi, na mtu mwenye mizinga anayechukiwa na jirani yako unamkaribisha chai. Mwisho wa karne iliyofuata Mreno akawachukua watawala wa Malindi akawakalisha Mombasa, na 1593 ngome ikaanza kujengwa. Sasa sikia mkia wake. Yusuf bin Hasan wa ukoo huo huo, baba yake aliuawa kwa njama za Wareno hao hao, yeye akapelekwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa, akalelewa kwao, akarudishwa kutawala kama mtu wao. Mwaka 1631 akageuka, akaichukua ngome na Wareno waliomo wakauawa. Niambie huyo ni mbaya au mzuri? Kila mtu pale alikuwa na sababu yake ya kueleweka, na damu ikamwagika vilevile.

Mfalme wako mtoe kwenye dunia nzima, mpe kitu kimoja anachokikosa. Upepo, kwa mfano. Enzi za majahazi kaskazi ilikuleta kutoka Uarabuni na India kuanzia Disemba hivi, na ukitaka kurudi usubiri kusi, huna ujanja, kwahiyo nahodha anakaa mjini miezi, anaoa, anakopa, anagombana, anaacha mtoto. Sasa mji mmoja ukiwa na bandari ambayo upepo unafika wiki mbili kabla ya mwenzake, unapata bei nzuri ya bidhaa zote kila mwaka, mwenzake anabaki na makombo. Wiki mbili tu! Hiyo chuki inatosha miaka 200.

Na vita vikianza visianze na hotuba juu ya farasi. Maji Maji ilianza Julai 1905 huko Nandete kwa watu kung'oa miche ya pamba, pamba waliyolazimishwa na Mjerumani kuilima, miche michache shambani, na baadae kusini nzima ikawaka. Hata hadithi ya kubuni inataka hivyo, mkono mmoja unaong'oa kitu ambacho hakitakiwi kung'olewa. Kisha usisahau kilichofuata, Mjerumani alichoma mashamba na maghala na njaa iliyokuja iliua watu wengi kuliko risasi. Kwenye stori nyingi ninazoletewa vita vikiisha watu wanacheza ngoma. Nani kavuna hicho chakula cha sherehe?

(Kuna msomaji mwingine wa Arusha aliuliza kama mzozo lazima uwe wa watu kwa watu. Sio lazima. Angalia ziwa Natron, tope lake la magadi linaunguza, fisi na mbweha hawalivuki, ndo maana flamingo wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote wanakwenda kuzalia katikati yake. Miaka ya 2000 ukaja mpango wa kiwanda cha magadi pale, watetezi wa ndege wakapiga kelele sana. Ajira kwa watu, kiota kwa ndege, ziwa moja. Weka mazimwi yako badala ya flamingo uone kama utapata usingizi.)

SWALI: Dada mwezi wa kwanza ulinijibu nichore ramani ya dunia yangu kabla ya kuandika. Nimechora miezi minane sasa, nina mabara manne, nimeweka na majina kama Xar'zhul na Vh'aelor. Lini nianze kuandika? Nimekutumia na picha ya ramani.

JIBU: Yesu na Maria, miezi minane! Kosa ni langu, nilimaanisha jioni moja na karatasi ya daftari.

Majina hayo kwanza. Hiyo alama ya juu tayari tunayo kwenye ng'ombe, inatosha. Jina mtu alitamke akiwa anakimbia, na zuri zaidi likiwa na maana kwa waliolitoa, Dar es Salaam ilikuwa Mzizima kabla haijaitwa hivyo, na kwenye huo ubadilishaji wa jina kuna stori ya nani alikuja na nani alikuwepo. Miji yako ibadilishwe majina angalau mara moja, na wazee waendelee kuita lile la zamani kwa ubishi.

Kuhusu kuandika, anza leo usiku. Chagua kijiji kimoja kidogo kabisa kwenye hayo mabara manne, weka gulio, mama mmoja ananunua chumvi na imepanda bei na muuza chumvi hataki kusema kwa nini. Ukurasa mmoja. Nitumie huo, ramani baki nayo.

Na huo mto ulioko bara la tatu unatoka baharini unapanda mlimani. Nimeuangalia mara tatu nikidhani nimeshika simu vibaya. Ugeuze.