Mabaka meupe kwenye majani ya magugumaji na migomba: shida si mwanga mwingi

Mkuu, umeuliza kwa nini majani ya magugumaji na migomba hapa Mwanza yanatoka na mabaka meupe hata ukipunguza mwanga kwenye kamera. Yale mabaka si rangi ya jani. Jani lina utando wa nta, na utando huo unakurudishia taswira ya jua na anga. Ukipunguza mwanga, jani zima linakuwa jeusi na baka liko palepale. Inabidi uikate taswira yenyewe.

Tafuta filta ya polaraiza, yaani kioo cha kuzungusha kinachofungwa mbele ya lenzi ili kukata mng'ao, ya aina ya duara (circular). Ile ya mstari (linear) huvuruga fokasi ya kamera zenye kioo ndani (DSLR). Saizi huandikwa nyuma ya kifuniko cha lenzi, mfano milimita 58 au 67. Wengi wanaishia kusema filta ni feki kwa sababu wanalipiga jani kutoka juu kabisa, wanazungusha weee, hakuna kinachobadilika. Haiwezi kubadilika. Filta hii inategemea pembe: inakata mng'ao zaidi pale lenzi inapolitazama jani kwa nyuzi kama 35 kutoka kwenye bapa lake. Kwa jani lililolala, simama mita 1 pembeni na inua kamera sentimita 70 juu ya jani. Kwa mgomba, pima kutoka kwenye bapa la jani, si ardhini. Zungusha taratibu mpaka mishipa midogo ya jani ionekane, kisha rudisha kidogo. Ukiufuta mng'ao wote, jani linakosa umbo, linaonekana kama karatasi iliyokatwa.

Magugumaji yana majani yanayoelekea kila upande, kwa hiyo filta haitayasafisha yote kwa mkupuo. Chagua jani moja la mbele, litendee haki hilo. Na tafadhali usiingie majini kutafuta pembe, kichocho kipo kwenye fukwe zetu. Tumia lenzi ndefu ukiwa nchi kavu.

Filta hula stopu 1 hadi 2 za mwanga (kila stopu ni kupungua kwa nusu). Mchana upepo wa ziwani ukianza kuchezesha majani, kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde. Pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 400 au 800.

Kama filta huna, mwavuli mweusi unasaidia sana. Jicho lako liwe usawa wa lenzi, pitisha mkono hewani juu ya mmea mpaka baka lizimike. Pale mkono ulipo ndipo mwanga unapotokea, weka mwavuli hapo. Shuka jeupe jepesi, kama mita 1 kwa 1, nalo hulainisha jua kali, ila lenyewe hujitokeza kwenye jani kama ukungu mweupe, hivyo lisogeze pembeni kidogo au litumie pamoja na filta. Flashi ya mbele izime kabisa.

Kwa simu, shika miwani ya jua ya polaraizi mbele ya lenzi na uizungushe. Kuijua, itazamie skrini ya kompyuta mpakato huku ukiizungusha. Skrini ikififia na kurudi, ndiyo yenyewe. Ina rangi yake, kwa hiyo rekebisha uwiano wa rangi (white balance) baadaye.

Kabla ya yote futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, halafu liache jani likauke. Tone la maji ni kioo kidogo, na kila tone litakupa nukta yake nyeupe.