Watu 1,000 Forodhani kwa ajili ya mayatima: nakueleza yalotukuta sie na kanga za Michenzani

Assalaam alaykum ndugu yangu ulouliza. Nimekusoma, mnataka kukusanya watu 1,000 wavae nyeupe washikane mikono ufukweni hapa Zanzibar mjini, kutoka Forodhani mpaka Mizingani, ili jumuiya yenu ya mayatima ijulikane na michango iingie, na unauliza uanzie wapi. Mie mambo haya nimeshayafanya mara mbili, ya mwanzo tulikosea, ya pili Mungu akatufungulia.

Sie jumuiya yetu inawasaidia wazazi wanaokwenda kujifungua na hawana kitu. Mwenyewe unajua, mtu akenda wodi ya wazazi anatakiwa awe na kanga zake, pamba, glavu, na wapo wanaofika na ile kanga waloivaa tu. Basi mwaka wa mwanzo tukasema tufanye jambo kubwa mji mzima usikie, tukakodi ngalawa, tukaandika ujumbe kwenye matanga, tukaleta na beni, Forodhani ikajaa mpaka pa kukanyaga hapana. Picha zilizunguka WhatsApp wiki nzima, hadi jamaa walioko Muscat walinirushia. Tulipokaa kuhesabu michango haikurudisha hata pesa ya ngalawa na spika. Wallahi nililia. Watu walifurahi, wakala urojo wao wakarudi majumbani, na ukimuuliza mtu jana kulikuwa na nini anakwambia resi za ngalawa.

Hapo ndo nikakaa nikaitafakari ile ya kujimwagia ndoo ya maji ya barafu, ya mwaka 2014, ambayo kule Marekani jumuiya ya maradhi ya ALS (yale yanayoua neva za misuli mpaka mtu hawezi hata kumeza) ilipata dola milioni 115. Nilivoona mie, nguvu yake ilikuwa kwenye kutajana. Mtu akishajimwagia anawataja wenziwe kwa majina, na alotajwa ana saa 24, ajimwagie au atoe mchango, na wengi walifanya yote mawili. Yaani kila mtu kaitwa na mtu anaemjua, na anajua kaitiwa nini.

Mwaka wa pili tukahamia Michenzani, yale majumba marefu yaloanza kujengwa enzi za mzee Karume kwa msaada wa Wajerumani Mashariki. Ukisimama pale chini unayaona yamenyooka tu, varanda juu ya varanda. Tukasema kila nyumba ianike kanga moja mpya kwenye varanda Jumamosi asubuhi, jina la kanga litazame nje lisomeke, na jioni kanga zote zinateremshwa zinapelekwa wodini. Na kila alotoa kanga anagonga mlango wa jirani yake anamwambia bibie, mie nishatoa, sasa zamu yako. Tulianza na nyumba tatu za mama watu wazima wanaoheshimika, hatukubandika hata karatasi moja, na ndani ya wiki mbili kanga zilipita 600, kwa sababu jirani akikugongea utamwambiaje huna na doti umeinunua juzi Darajani? Wengine walitoa doti nzima. Wapita njia walikuwa wanasimama barabarani wanasoma majina ya kanga kwa sauti, na wakiuliza za nani wanaambiwa za wazazi wa wodini, mtu anatoa simu yake pale pale anachangia.

Usichukulie kwamba yalikwenda sawa yote. Kuna mtu alileta kanga ya fumbo na jirani wa pili akajua kapigwa yeye, ikabidi bibi mmoja wa kamati akae nao usiku mpaka wakaelewana, na kanga ikabadilishwa. Tokea hapo kila kanga ilisomwa kabla ya kupandishwa. Za vyama vya siasa pia tulizikataa zote, sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, alitwambia mapema na nnamshukuru sana. Halafu upepo, tulifanya wakati wa kusi, vibanio viwili kwa kanga havikutosha, zikaanza kuruka, vijana wakakimbia kuongeza na kufunga kwa uzi. Weka vinne.

Sasa kwako. Vibali anza na sheha, kisha manispaa na polisi, na pale Forodhani uko ndani ya Mji Mkongwe ambao ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, kwa hiyo Mamlaka ya Mji Mkongwe nayo uende ukaongee nayo mapema, usingoje wiki ya mwisho. Cheti chenu cha usajili wa jumuiya utembee nacho. Ijumaa iwache, na miezi ya masika iwache.

La pesa nakuomba ulizingatie kuliko yote. Mwaka wa mwanzo namba ya kuchangia ilikuwa ya simu ya mshika fedha wetu, mtu mwaminifu kabisa, lakini watu waliona jina la mtu binafsi wakarudisha simu mfukoni, na siwalaumu. Mara ya pili tulichukua lipa namba ya jina la jumuiya, tukaiandika kwenye vitambaa kila ngazi ya kupandia, na usiku ule ule tukatangaza hesabu, kilichoingia na kilichotoka, mpaka pesa ya uzi.

Na hao watu 1,000 wenye nguo nyeupe, mie ningekushauri kila mmoja aje kwa jina la mtoto mmoja wa jumuiya yenu, jina la mwanzo tu na bila ya picha, mayatima wasiwekwe hadharani. Amsomeshe muhula mmoja skuli, sare na madaftari, kisha amtaje mwenziwe mmoja aje asimame pembeni yake. Kama hamjafikia watoto 1,000 basi simameni 80. Themanini walokuja kwa mtoto wanatosha kujaza ukuta wa bahari mbele ya Forodhani.

Vibanio vyetu bado vipo, magunia mawili, mkitaka kuanika chochote niandikie nikuletee.