Nanyonyesha, nafanya mazoezi, mizani imegoma: nifanyeje?

SWALI: Habari dokta. Nina mtoto wa miezi saba na nusu, namnyonyesha na ameshaanza kula. Baada ya kujifungua nilipungua kilo 9 bila shida ila sasa hii ni wiki ya sita nimeganda kwenye 78. Nafanya mazoezi siku tano kwa wiki, dakika 45, kamba na vyuma, nimeyakazania kama mwezi mmoja na nusu sasa. Kwenye simu nahesabu kalori 1,200 kwa siku. Kuna dada anauza chai na programu ya siku 14 ya kuushtua mwili, anasema metaboli yangu imelala. Nishuke hadi 900 na nitumie hiyo chai? Maziwa nayo naona kama yanapungua.

JIBU: Mdogo wangu, nianze na la mwisho ili usikae ukisubiri: hapana. Usishuke 900, na hiyo chai usiiguse. Sasa tuongee vizuri, manake swali hili linanijia kila mara, zinabadilika namba tu, na karibu kila anayeliuliza ameshaambiwa na mtu kwamba mwili umezoea, umelala, unatakiwa kushtuliwa. Mwili haushtuliwi jamani. Hakuna swichi ndani ya tumbo ambayo ukikaa na njaa siku 14 inawaka na mafuta yanaanza kuyeyuka upya. Mtu akikwambia hivyo muulize ni kiungo gani hicho kinachoshtuka na kinafanya nini baada ya hapo, utaona anahama mada anakutumia picha za watu waliopungua.

Kilichobadilika kwako kinaeleweka kabisa. Miezi sita ya mwanzo mtoto akinyonya tu, mama anatoa kama mililita 750 za maziwa kwa siku, na kila mililita 100 ina kalori kama 65 hadi 70, kwa hiyo piga hesabu, ni karibu kalori 500 zinatoka kifuani kwako kila siku ukiwa umekaa tu. Mtoto akianza kula, maziwa anayochukua yanapungua taratibu, na hizo 500 zinashuka pia. Hapohapo wewe mwenyewe una kilo 9 pungufu, na mwili mwepesi unatumia nguvu kidogo kuliko mzito, hata kwa kutembea tu ndani ya nyumba. Hicho ndicho wanachokiita metaboli kulala. Hajalala mtu hapo, matumizi yamepungua.

Na mengine ya maziwa yako kupungua ndiyo haya, ni mtoto amepunguza kunyonya kwa sababu tumbo lina chakula. Ila mengine naogopa ni hiyo 1,200 yako, nitairudia.

Kwanza mazoezi. Umesema umeyakazania mwezi mmoja na nusu, na mizani imeganda wiki sita. Huoni vinavyolingana? Msuli unaofanyishwa kazi usiyoizoea unavimba kidogo unapojitengeneza, na unaanza kuweka akiba ya sukari yake inayoitwa glaikojeni, ambayo kila gramu moja inakaa na maji kama gramu tatu. Hayo maji yana uzito. Ongeza hedhi, kama imesharudi au inakaribia kurudi, siku za kuelekea hedhi mwanamke anaweza kupanda kilo moja au mbili za maji tu na zikashuka zenyewe. Sasa mtu amepoteza mafuta kilo moja na nusu, amebeba maji kilo moja na nusu, anasimama kwenye mizani anaona sifuri analia. Mizani haijui tofauti ya maji na mafuta. Ndiyo maana nawaambia wanaokuja kwangu wachukue futi ya fundi, wapime kiuno usawa wa kitovu asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki, waandike pembeni ya uzito. Uzito wenyewe pima siku kadhaa za wiki uchukue wastani, usihangaike na namba ya siku moja. Kama kiuno kinashuka na uzito umesimama hujaganda mdogo wangu, unaendelea. (Tumbo la mbele kutuna peke yake ni kesi nyingine, misuli ya katikati inaweza kuwa imeachana tangu ujauzito na hiyo haitibiwi kwa kupunguza chakula, mtaalamu wa fiziotherapia anaiangalia kwa kukupapasa tu.)

Kama wiki nne kamili zimepita, wastani haujashuka na kiuno hakijashuka, hapo ndo tunaangalia sahani.

Kuhusu 1,200. Sikuiti muongo, tafadhali nielewe. Mwaka 1992 kwenye jarida la New England Journal of Medicine ulichapishwa utafiti wa watu waliokuwa na malalamiko kama yako, kwamba wanakula chini ya 1,200 na hawapungui. Walipopimwa kwa njia ya maabara metaboli zao zilikuwa nzima, ila walichokula kilikuwa karibu mara mbili ya walichoandika, na mazoezi waliyoyaandika yalizidi waliyofanya. Hawakuwa wanadanganya kwa makusudi, ni kwamba jicho la binadamu halijui kukadiria chakula, na mtu mwenye njaa anakadiria vibaya zaidi.

Kuna mama alinionyesha daftari lake, safi kabisa, asubuhi mayai mawili, mchana mboga na samaki, jioni saladi. Nikamwomba siku inayofuata aandike kila kinachoingia mdomoni, hata akiwa amesimama. Akarudi na ukurasa wa pili: vijiko vya chakula cha mtoto alichokataa na mama akamalizia, mafuta ya kupikia yaliyomiminwa bila kijiko (kijiko kimoja kikubwa ni kalori kama 120), chai ya maziwa yenye sukari saa nane usiku akinyonyesha, kisha nyingine saa kumi na moja, na karanga za kushika mkono mmoja huku mwingine umeshika mtoto. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ni dhambi, ni mwili wa mama anayenyonyesha uliolala njaa mchana kutwa unadai chake usiku. Na ukilala vipande vipande homoni za njaa zinapanda, kwa hiyo usiku wako ni mgumu hata ungekuwa na nidhamu ya chuma.

Kwa hiyo una moja ya mambo mawili. Ama kweli unakula 1,200, na basi mafuta yanaondoka ila maji yanakuficha, na unajiumiza, manake chini ya 1,500 kwa mama anayenyonyesha maziwa yanaweza kupungua, uchovu, hasira, misuli inaliwa. Ama huli 1,200, unabana mchana na kulipia usiku bila kuandika. Yote mawili dawa yake ni ileile, na ndipo wengi wananishangaa: kula zaidi. Kula zaidi mchana, kwa mpango. Kwa uzito wako na mazoezi yako ningekuanzishia kwenye 1,900 hadi 2,000 za kweli, zilizopimwa, milo mitatu na kitu kimoja cha katikati, kila mlo uwe na protini ya kuonekana kwa macho (mayai, samaki, kuku, maharage, mtindi), ifike gramu 80 au 90 kwa siku, mboga nyingi, na wanga usiukate, unaunyima msuli nguvu ya hayo mazoezi. Na kile cha usiku kipange kabisa, kiweke tayari kabla hujalala, matunda na mtindi mfano, ukiamka kunyonyesha ule hicho bila kufungua makabati. Maji kunywa kwa kiu.

Usidhani nakubunia tu. Mwaka 2000, jarida hilohilo, akina mama 40 wanaonyonyesha waliokuwa na uzito mkubwa, nusu yao wakapunguziwa kalori 500 kutoka kwenye mahitaji yao na kufanya mazoezi siku nne kwa wiki, wiki kumi. Walishuka karibu nusu kilo kwa wiki na watoto wao walikua sawasawa na watoto wa wale wengine. Nusu kilo kwa wiki. Huo ndo mwendo, na ukumbuke ilikuwa kupunguza 500 kutoka kwenye hitaji la mama anayenyonyesha, sio kushuka hadi 500 wala 900.

Mazoezi punguza kamba, acha siku tatu za vyuma kwa kuongeza uzito kidogo kidogo, skwati, kuvuta, kusukuma, na siku nyingine tembea. Wengi wakishaumia dakika 45 za asubuhi wanakaa siku nzima bila kujua, na hizo kalori zinarudi kimyakimya. Na kama mkojo unakuponyoka ukiruka kamba, acha kuruka kwanza, sakafu ya nyonga, yaani misuli ya chini inayoshikilia kibofu, bado haijakaa sawa.

Mambo mengine mawili uyaulize kliniki kabla hujamlaumu mtu. Moja, uzazi wa mpango: kama unatumia ile sindano ya miezi mitatu, kwa baadhi ya wanawake inaongeza uzito, usiiache kiholela ukapata mimba, zungumza nao wakubadilishie kama inafaa. Mbili, tezi ya shingo, thairoidi. Kwenye mwaka wa kwanza baada ya kujifungua baadhi ya akina mama tezi hiyo inavimba, mwanzoni inafanya kazi kupita kiasi halafu inazimika, na kuzimika huko mara nyingi ni miezi ya nne hadi ya nane, yaani hapohapo ulipo wewe. Ukiwa unasikia baridi kuliko wenzako, choo kigumu, ngozi kavu, huzuni, uchovu usioisha hata ukilala, omba kipimo cha damu cha TSH. Ni kipimo kimoja tu. Inaniuma sana kuona mama anafunga njaa miezi mitatu kwa tatizo ambalo lingeonekana kwenye tone la damu.

Sasa hao wauzaji, na hapa nasema na nyote mnaosoma. Chai hizi za tumbo, geuza pakiti usome nyuma. Mara nyingi utakuta sena. Sena ni dawa ya choo, ina kazi yake halali, daktari anaitoa kwa kipimo na kwa siku chache. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati kalori zimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba huko juu, kwa hiyo unachokitoa ni maji na choo, unasimama kwenye mizani kesho yake umepungua kilo mbili unamtumia muuzaji ushuhuda, na yeye anautumia kumuuzia mwingine. Ukinywa maji zimerudi. Nyingine zina vitu vya kukojoza, na mama anayenyonyesha akikaushwa maji, maziwa yanaenda nayo.

Na hizo ni zile zinazosema ukweli kwenye pakiti. Vidonge na kahawa za kupunguza zinazoitwa za asili zimekamatwa mara nyingi zikiwa na sibutramini ndani bila kuandikwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya shambulio la moyo na kiharusi. Mtu anakuuzia kwa WhatsApp, hajakuuliza presha, hajakuuliza kama unanyonyesha, na akiulizwa anajibu ni mimea tu haina madhara. Mimea gani? Kipimo gani? Kinaingia kwenye maziwa au hakiingii? Hajui, na anaendelea kuuza! Sindano za kupunguza uzito zinazovuma sasa nazo ni dawa za kweli zenye daktari wake, ila ukinyonyesha hazishauriwi, usizinunue kwa mtu. Mikanda ya kubana tumbo haichomi mafuta, inabana tu.

Wewe anza na milo hiyo wiki nne, futi na wastani, kisha uniandikie namba zote mbili. Maziwa yakiendelea kupungua hata baada ya kula vizuri, au mtoto haongezeki kwenye kadi yake ya kliniki, usisubiri hizo wiki nne, nenda. Na kama chai umeshaionja, acha leo, na mtoto akianza kuharisha, kulegea au kukosa usingizi kwa namna isiyo ya kawaida yake mpeleke hospitali, na pakiti ubebe, waione.