Dr. Remmy alisema ukweli na hakumgombeza mtu

Mkuu mleta mada, umeuliza kama kuna mwanamuziki wetu aliyeweza kuimba siasa bila kutuhubiria. Mi jibu langu ni moja na halibadiliki, Remmy Ongala. Vijana wengi wanalijua jina kwa sababu ya kituo cha daladala tu hapa Dar, Sinza kwa Remmy, wanashuka wanapanda hawana habari kwamba ni mtu aliishi pale mpaka akafariki, Desemba 2010.

Mwenyewe ni Mkongo, kazaliwa 1947 kule upande wa Kindu, kaja Dar 1978 kupiga na Orchestra Makassy ya ndugu yake Mzee Makassy, wenzake walipohamia Nairobi yeye akabaki akaingia bendi ya Matimila na hapo ndo jina likakua. Sasa kumbukeni ilikuwa miaka gani ile. Nchi imetoka vita ya Kagera haina kitu, foleni ya sukari, foleni ya sabuni, chama kimoja, redio moja, na bendi ikienda kurekodi RTD, yaani Redio Tanzania ya serikali, mashairi yanapitiwa kwanza. Nyimbo nyingi za siasa za wakati huo zilikuwa kama katibu kata anasoma maazimio, wananchi fanyeni hivi, vijana acheni vile. Unacheza kwa sababu gitaa tamu, maneno unayaacha palepale ukumbini.

Remmy alianza na mimi. Mimi mnyonge, mimi maskini, hata sura mbaya alijiita mwenyewe wala hakusubiri mtu amwite. Ukisikiliza Mnyonge Hana Haki hakuna mahali unahisi kanyooshewa mtu kidole, ila ukimaliza unajua kabisa nani kamkalia nani. Mama yangu alikuwa anauza ndizi mbivu Manzese, mgambo wakitokea anabeba sinia anakimbia, jioni anarudi miguu imevimba na hela ya kula hakuna. Sijawahi kumsikia mama anaongelea siasa, mikutano ya tawi alikuwa anakwenda kwa kuogopa kuandikwa. Lakini kaseti ya Remmy ikipigwa kwa jirani anaacha kuosha vyombo, anasema huyu kaka anatujua. Mi nadhani kilichomshika ni kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa anasikia shida yake ikitajwa na hajaambiwa kosa ni la kwake.

Halafu ikaja Mambo kwa Soksi, 1990. Hapa naomba mnivumilie kidogo maana ni kitu kimegusa nyumba yetu. UKIMWI ulishaonekana Kagera tangu 1983, kufika hiyo 1990 kila mtaa una msiba, lakini kuuongelea ilikuwa shida sana. Ukimsikia kiongozi anaongea ni vitisho, ukienda kanisani au msikitini ni dhambi, kwa hiyo mwenye ugonjwa anajificha mpaka anakufa, na kaka yangu mkubwa alikufa hivyohivyo, ndani tunasema ni kifua. Remmy katoka na wimbo wa kucheza kabisa anasema vaeni soksi, kila mtu anajua soksi gani, ni kondomu, watu wanacheka. RTD haikutaka kuupiga, ila mtaani kwetu ulikuwa kila kibanda cha kaseti.

Na kile kicheko ndo kilifungua mdomo. Baba mdogo alikuwa dereva wa malori, mtu mkali, hatujawahi kukaa naye tukaongea mambo hayo hata siku moja, akatuita sisi vijana watatu wa nyumbani akasema, wanangu mmesikia wimbo wa Remmy? Basi soksi mvae, sitaki kuzika mwingine. Akatoka nje. Mnaosema Remmy alikuwa mpole mno kwa wakubwa naomba mlifikirie hilo, mtu mpole asiye na madhara redio ya serikali ingemuogopea nini? Upole wake ulikuwa kwa anayesikiliza, lile neno lenyewe hakulipunguza.

Wazungu nao walimsikia, 1988 akaenda WOMAD, lile tamasha la muziki wa dunia, 1989 ikatoka albamu ya Songs for the Poor Man, 1992 ikafuata albamu ya Mambo, zote studio za mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza. Zimerekodiwa safi, ila mi bado napenda zile za RTD, za kule kwa wazungu naona zimepigwa pasi mno.

Kama ndo unaanza, anza na Kifo, nenda Mnyonge Hana Haki, kisha Kipenda Roho upumzike. Sikiliza hadi mwisho mkuu, usiruke kwenye gitaa, maana mara nyingi maneno mazito anayasema hukohuko katikati watu wakiwa wameshanogewa. Ukimaliza rudi hapa tuendelee, na mwenye rekodi nzima za Matimila za miaka ya 80 naomba aziweke, nazitafuta sana.