Maswali Yenu: Kabla Hujaanza Mazoezi

Wiki hii barua nyingi zimetoka Lamu, na karibu zote zinauliza jambo moja: nianzeje mazoezi bila kujiumiza?

Nina miaka 54 na natumia dawa za presha. Nataka nitembee kutoka Langoni mpaka Shela kila baada ya swala ya alfajiri. Kuna ubaya? – Mzee wa Langoni

Nia yako ni njema, mzee wangu, ila Shela isubiri kidogo. Ni kama kilomita tatu, na ukishafika una kurudi. Wiki ya kwanza tembea dakika kumi kwenda na kumi kurudi, hapo hapo ukingoni mwa bahari, kisha ongeza dakika tano kila wiki.

Kabla ya hayo, pimwa presha siku mbili tatu, ukiwa umekaa na kupumzika dakika tano, kahawa bado. Ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, usianze mpaka daktari akuone. Muulize pia dawa zako ni za aina gani. Zile za jamii ya atenolol huzuia moyo kwenda mbio, kwa hiyo kuhesabu mapigo hakutakuambia kama umezidisha. Afadhali jipime kwa pumzi: ukiweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kumsomea kasida, mwendo huo unakutosha. Kama dawa zako ni za kukojoza, joto la kaskazi litakukausha upesi, basi uwe na maji mkononi. Ukikaribia nyumbani punguza mwendo polepole. Kusimama ghafla huleta kizunguzungu.

Kifua kikibana, au maumivu yakipanda kwenye taya au mkono, au jasho la baridi likikutoka, kaa chini na upelekwe hospitali wakati huo huo. Tafadhali usijikaze. Wazee wetu hujikaza mno, na ndilo jambo linalonitia hofu.

Nakimbia ufuoni Shela bila viatu. Pumzi ninayo, lakini miundi yote miwili inauma. Kwa nini? – Kijana wa Wiyoni

Kwa sababu pumzi imeitangulia miguu, mwanangu. Moyo na mapafu huzoea mazoezi ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huhitaji miezi. Unajiona una nguvu, unaongeza mbio, na hapo ndipo vijana wengi huumia.

Mchanga nao una mambo yake. Ule mkavu humeza kisigino, na shavu la mguu hufanya kazi maradufu. Karibu na mawimbi ufuo umeinama, mguu mmoja unakanyaga chini kuliko mwenzake njia nzima. Pumzika mpaka maumivu yaishe. Ukirudi, ngoja maji yapwe, utafute mchanga wenye unyevu, mgumu na ulio sawa, uvae viatu. Kimbia dakika moja, tembea mbili, mara nane, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Ukibonyeza muundi kwa kidole ukapata sehemu moja inayouma kuliko nyingine zote, acha kukimbia ukamwone daktari. Huenda mfupa una ufa.

Ninyooshe misuli kwanza? – Msomaji wa Mkomani

Pasha mwili moto kwanza. Tembea dakika tano mpaka kumi, zungusha mabega, inua magoti. Kule kuvuta msuli na kuushikilia kunafaa zaidi mwishoni.

Nina kisukari, najidunga insulini. Nitembee kabla sijala? – Mama wa Shela

La, mamangu. Pima sukari kwanza. Ikiwa chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L), kula tende tatu au ndizi, ungoje kidogo upime tena. Ikizidi 14, na hasa kama hujisikii vizuri, ahirisha. Tende nyingine ziwe mfukoni: ukitetemeka, ukitoka jasho au ukishikwa na njaa ya ghafla, simama ule. Mwambie mtu wa nyumbani kwamba sukari inaweza kushuka hata saa kadhaa baadaye, usiku ukiwa umelala, na mzungumze na kliniki kuhusu kipimo cha dawa siku za mazoezi.

Usitoke na ndara. Vaa viatu vya kufunika vidole, na ukirudi tazama nyayo na katikati ya vidole. Ukikuta kidonda, hata kisichouma, kionyeshe kliniki siku hiyo hiyo.