Roboti asiyesema: hisia zitoke wapi?

Mkuu, umeuliza mtazamaji atajuaje kwamba roboti wako anaogopa, ilhali filamu yako ya kishabiki haina mazungumzo wala binadamu hata mmoja. Anza na kichwa. Kikigeuka ghafla kuelekea mlangoni, kikaganda, kisha kikashuka taratibu, tumeshaelewa, uso hauhitajiki. Huko kuganda ndiko kwenye kazi, kwa hiyo usikukate kwenye uhariri. Mpe pia kitu anachokihitaji, tuseme betri inakaribia kuisha na chaja iko upande wa pili wa chumba, la sivyo hata mwendo mzuri utabaki maonyesho ya mashine tu.

Halafu sauti. Kwa R2-D2, roboti wa filamu ya Star Wars (1977), mbunifu wa sauti Ben Burtt alichanganya sauti ya mdomo wake mwenyewe na ya sinthesaiza (ala ya kielektroniki ya kutengeneza sauti), ndiyo maana milio ile inasikika kama ya kiumbe hai. Nawe jirekodi kwa simu ukiguna na kupiga mbinja, kisha ifanye sauti iwe nyembamba au nzito kwenye programu ya kuhariri sauti. Muziki weka kidogo (wengi huumwaga kila mahali kuficha picha dhaifu). Yale maandishi marefu ya utangulizi uliyoweka mwanzoni mwa filamu yatoe kabisa. Kama hadithi haieleweki bila hayo, kuna shoti hujaipiga bado.